Kipimajoto Kilicholeta Joto Ghalani Mwangu

Elmer Tuukaq,
Nahodha wa Nyangumi,
Kivaluk.
Jumatatu, baada ya chai.

Ndugu Mkuu wa Ofisi ya Afya ya Pwani,

YAH: KIPIMAJOTO, KARATASI NYEKUNDU NA FRIZA MNAYOTAKA KUTULETEA

Kabla ya yote ujue unaandikiwa na nani, maana huko mjini mnapokea barua za kila namna ya watu. Mimi ndiye mtu mwenye bahati kuliko wote katika pwani hii. Sijisifu, nasema tu kama mtu anavyosema leo kuna upepo. Nyangumi wananijua. Mke wangu Beulah bado anacheka nikimtania, na tumeoana zamani. Na ghala langu la barafu, alilolichimba marehemu baba kwa sururu ndani ya ardhi iliyoganda, udongo akiubeba mama yangu mwenyewe, ndilo ghala baridi kuliko yote kutoka hapa mpaka Kanada. Ukishuka ngazi yake na meno ya bandia mfukoni, yatagongana huko huko mfukoni. Maghala ya wenzangu yanalia machozi siku hizi. Langu halijui kulia.

Shule nimekwenda. Darasa la nane nililimaliza, la tisa nililiona dirishani nikipita na bunduki ya bata. Dunia nayo nimeizunguka: Anchorage najulikana, na Hawaii nilipelekwa kwenye mkutano wa manahodha, nikaona watu wazima wamelala juani kwa hiari yao wakijigeuza kama samaki wa kuchoma, na hakuna mhudumu wa afya aliyekwenda kuwabandika karatasi. Kwa elimu hiyo, nakuletea malalamiko yafuatayo.

1. Kipimajoto.

Hester mnamlipa ninyi kuwa mhudumu wa afya wa kijiji, lakini kwangu ni binti wa dada yangu, niliyempangusa kamasi kwa glavu yangu ya kuwindia. Alikuja na kipimajoto chenye kamba akakishusha ghalani bila hata kubisha hodi kwa nyama. Akanieleza kwa upole, kama mtu anayeongea na mgonjwa, kwamba hali ya hewa imebadilika, kwamba ardhi inayeyuka kutoka juu kwenda chini, kwamba nyama ikikaa vuguvugu inaota sumu isiyo na harufu wala ladha. Aliyeila, akasema, huanza kuona vitu viwili viwili, kisha shingo inalegea, kisha pumzi inakatika.

Nikamjibu kwamba nahodha kuona viwili viwili si ugonjwa, ni baraka, hasa akiona nyangumi. Hakucheka. Ninyi mnawafundisha nini watoto wetu huko chuoni?

Sasa sikiliza hoja. Kabla ya kipimajoto, ghala langu lilikuwa na baridi tu, baridi isiyo na namba. Kilipoingia, baridi ikapewa namba. Na kitu kikishapewa namba hakikosi kupanda, tazama petroli. Kwa hiyo joto limeletwa na kipimajoto. Na kama unabisha, nilimkabidhi Hester siku ile ile kipande cha nyama kigumu kama jiwe akipeleke kupimwa. Alikigonga ukingoni mwa meza, meza ikaumia. Kipimajoto kinasema ghala lina uvuguvugu, nyama inasema ni jiwe. Mwongo ni nani hapo?

2. Redio ya upepo.

Hili ndilo lililoniuma. Wewe unajua kwamba hapa kila jikoni kuna redio ya upepo, ile ya kubonyeza kitufe na kusema, na asubuhi kila redio iko wazi, maana ndivyo tunavyoulizana kama chai ipo. Saa hiyo hiyo Hester akaingia hewani.

"Mjomba Elmer, Mjomba Elmer, hapa zahanati. Naomba usimlishe mtu kitu chochote cha ghalani mpaka nije. Ova."

Mpaka nije! Nikiwa na kikombe mkononi, mke ananitazama. Kabla sijameza, Wesley, nahodha mwenzangu na mshindani wangu tangu utotoni, akadakia.

"Elmer, kama unataka mtumbwi wa kuingilia ghalani, wangu upo. Sikutozi."

Kijiji kizima kikabonyeza vitufe vya redio, tk, tk, tk, ndivyo tunavyochekana hewani. Nikamwambia Wesley kwamba yeye amelifunga ghala la babu zake akanunua friza, na sasa nyangumi wake analala na pizza, ndiyo maana mwaka huu alirudi na mashua tupu. Tk, tk, tk za upande wangu zikawa nyingi zaidi, Beulah ni shahidi.

Huenda wewe unaona ni mzaha tu. Si mzaha. Kwetu nyangumi hawindwi, anajitoa, na hujitoa kwa nahodha ambaye ghala lake ni safi na kavu. Nahodha akishasemwa hewani kwamba ghala lake limeharibika, atakaa juu ya barafu masika yote akiwatazama nyangumi wakipita kwenda kwa mwingine. Na Jumamosi hii ni karamu yangu. Nyangumi aliyejitoa kwangu masika yupo ghalani, na kijiji kizima kitakula kwa mkono wangu, wazee kwanza. Mzee kuliko wote ni mama yangu, Mabel. Yeye ndiye hupewa kipande cha kwanza, na mpaka atafune hakuna anayegusa sahani.

Basi tulipokuwa tukibonyezana vitufe, yeye akaingia hewani. Mama haongei redioni ila kwa misiba na ubatizo.

"Huyu ni Mabel. Muacheni mwanangu. Siku ya karamu nitakula nyama ya ghala lile mbele yenu nyote, nishibe, halafu mseme tena."

Hester akamwita, "Bibi, nakuomba, usifanye hivyo." Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Nimekusikia, mjukuu wangu. Nitakula kwanza."

Hakuna aliyebonyeza kitufe. Sasa ninyi wenye maabara, leteni ushahidi unaomzidi mama yangu. Hana jino hata moja, lakini amekula kutoka ghala lile tangu udongo wake ulipokuwa bado kwenye kucha zake.

3. Karatasi nyekundu.

Jumanne iliyopita nikakuta mlango wa ghala umebandikwa karatasi nyekundu yenye picha ya mwanamume ameshika tumbo. Mwanamume huyo ana masharubu. Kijijini hapa mwenye masharubu ni mimi na mbwa wa mchungaji. Watoto sasa wakinipita wananisalimia kwa kushika tumbo, na mbaya zaidi wananisalimia kwa heshima, "Shikamoo nahodha," tumbo mkononi. Niliibandua nikaibandika kwenye ubao wa kanisa, juu ya picha ya kwaya. Malalamiko ya kwaya mtayapokea kwa ndege ijayo. Hayo si yangu.

4. Friza ya jumuiya.

Barua yenu inasema mtatuletea friza kubwa kama nyumba, ya bure, kila nahodha na rafu yake. Asanteni, lakini mmemuuliza nyangumi? Mnyama aishiye miaka mingi kuliko bibi zetu, aliyeziona meli za tanga zikipita juu ya kichwa chake, leo akae rafu moja na mabawa ya kuku? Akisikia, na hawa wanasikia, atarudi?

Halafu nimefanya uchunguzi wa kisayansi. Nilikwenda kwa Wesley nikaweka mkono nyuma ya friza yake. Inapuliza joto! Yaani mnapoza ndani kwa kuchemsha nje, kisha mnashangaa nje kuna joto, kisha mnaleta friza nyingine. Huo ni ugonjwa unaojiuzia dawa. Hata mimi niliyeliona darasa la tisa dirishani nimeugundua.

5. Mkosaji halisi hajaandikiwa barua.

Bahari siku hizi inachelewa kuganda mpaka mashua zetu zinachoka kungoja, nani ameiandikia? Mbu wamekuja wa aina ambayo hatuna hata jina la kuitukana, wamebandikwa nini? Moshi wa misitu inayoungua kusini ulitufikia hapa, mahali pasipo na mti hata mmoja, tukakohoa moshi wa miti ya watu. Lakini karatasi nyekundu ikaja kwa Elmer, ambaye kosa lake ni kuwa na shimo. Mpelekeni Hester huko kwenye magari na mitambo, akashushe kipimajoto chake kwenye mabomba ya moshi, na akiona namba inapanda aingie hewani aseme, "Ninyi wa kusini, msiwashe kitu chochote mpaka nije." Tuone nani atabonyeza kitufe.

Kwa hiyo, Ndugu Mkuu, kwa heshima na taadhima natoa madai haya, na nayataka yote, si moja moja.

Kwanza, kipimajoto kiondolewe ghalani na kiniombe radhi hewani, asubuhi, wakati wa chai. Kama hakiwezi kusema, wewe ukisemee.

Pili, ghala langu litambuliwe rasmi kuwa hospitali ya rufaa ya baridi. Wale watu wa Arizona ninaosikia wanaanguka barabarani kwa joto waletwe hapa, walale ghalani kwa zamu kati ya nyama na ngazi. Beulah atawapikia supu. Sitawatoza, mtu aliyeungua na jua humtozi.

Tatu, kwa kuwa jua letu halizami kiangazi chote, na mfanyakazi yeyote anayefanya kazi usiku na mchana bila likizo lazima aharibu kitu, naomba ofisi yako ilipangie zamu. Lizame jioni kama majua ya watu wengine. Likikataa, libandikwe karatasi nyekundu, yenye masharubu mkipenda.

Nne, Hester apandishwe cheo apelekwe mbali, mahali pazuri. Sisemi kwa ubaya. Ni binti hodari, halali usingizi mtoto wa mtu akiwa na homa, na siku Beulah alipoteleza akavunjika mkono ni yeye aliyekaa naye mpaka ndege ikatua. Lakini ana macho makali mno kwa kijiji kidogo.

Nategemea hatua za haraka. Wasalimie wote hapo ofisini, na yule wa mapokezi ambaye kila nikipiga simu ananiambia nisubiri kisha ananipigia muziki wa kinanda; mwambie muziki ni mzuri na ninaujua wote sasa. Wasalimie watoto wako. Ukipita huku usilale hotelini, hatuna. Utalala kwangu, na shuka ni safi.

Ni mimi, niliyeonewa lakini bado mchangamfu,

Elmer Tuukaq
Nahodha

Tanbihi. Yote yaliyo juu ya hapa apewe Hester ayasome hewani, polepole, watu wasikie jinsi nilivyopigana. Ya hapa chini usimsomee mtu.

Leteni amri ya kunikataza kulisha. Iwe na mhuri mkubwa, na iletwe na mtu mgeni mwenye tai, ashuke na ndege kabla ya Jumamosi. Nitapiga kelele kidogo pale uwanjani, msinijali, kisha nitatii. Watu watanihurumia na manahodha wengine watachangia nyama, ndivyo tulivyo. Friza nayo leteni, ni ya nyangumi wa mwakani, akikubali.

Kile kipande kigumu nilichompa Hester nilikitoa kwa Wesley. Alifungua friza yake akanipa bila kuuliza ni cha nini, na heri hata angenitukana. Cha kwangu nilimtupia mbwa. Akakinusa, akaenda kulala upande wa pili wa nyumba.

Kumwambia mama nimeshindwa. Kila nikifika kwake nikiwa na maneno mdomoni namkuta ananoa kisu chake cha kukatia nyama, ananiuliza ghala la baba yako linaendeleaje, nami nasikia mdomo wangu ukijibu linaendelea vizuri. Namjua. Hajawahi kusema neno hewani akaacha kulitenda. Atakula, na atashiba, ili mimi nisichekwe. Lazima akatazwe na mtu asiye mwanawe.

Ile bahati niliyojisifia mwanzo wa barua ni uongo. Ghala limejaa maji yananifika magotini, na nyama yote imeoza.