Mng'aro wa Alizeti

Jua la Dodoma halina adabu kwa magari. Huanza na boneti, likapanda paani, na baada ya miaka michache gari lililokuja mjini likiwa la kijani huwa na mabaka meupe kama kichwa chenye mba. Ludovick alilishukuru jua hilo kuliko alivyomshukuru Mungu, kwa kuwa ndilo lililomlisha.

Kazi yake ilikuwa kuuza dawa ya kurudisha rangi, yaani mafuta ya alizeti yaliyochanganywa na mafuta ya taa kidogo, ndani ya chupa yenye maandishi ya Kiarabu ambayo mwenyewe hakujua yanasema nini. Ukilipaka gari, linang'aa kama limeshuka melini leo. Vumbi likipita, linafanana na andazi lililodondoka mchangani, lakini wakati huo Ludovick na pikipiki yake wako mtaa mwingine. Wateja wake wakubwa walikuwa mabwana wa maofisini, wasomi wa kusoma ripoti nene kama tofali, ambao pua zao hazikuwahi kutambua mafuta ya kukaangia.

Siku moja, nje ya soko la Majengo, karibu na wauza nafaka, aliona gari dogo la kijani lililopauka kupita kiasi. Pembeni alisimama mama mmoja aliyejitambulisha kwa jina la Anitha.

"Dada, gari hii inakuaibisha," Ludovick alianza, chupa mkononi. "Nipe nusu saa tu, majirani watadhani umepata cheo."

"Kaka yangu, nilipendezeshe ya nini? Nauza. Mimi nahitaji pikipiki ya kunifikisha shambani Kongwa." Akasonya, akaingia sokoni kuuliza bei ya uwele.

Hajapotea vizuri, akatokea bwana wa makamo mwenye kanzu safi, akalizunguka gari lile kama anayechagua ng'ombe.

"Assalaam alaykum. Naitwa Khalidi, mfanyabiashara wa Kondoa. Gari ya nani hii?"

"Yangu," Ludovick alijibu bila kupepesa.

"Nimeitafuta aina hii mwaka mzima. Ila rangi! Namuozesha binti yangu, siwezi kumpeleka bibi harusi kwenye kitu kinachobabuka." Akataja bei ya kutosha pikipiki tatu. "Ingekuwa inang'aa, ningeichukua leo hii."

"Mzee wangu, nenda kaswali alasiri kwa utulivu. Ukirudi utajiona uso kwenye mlango."

Anitha aliporudi, alimkuta Ludovick amejaa huzuni.

"Dada, nimeichunguza. Rangi ikipauka hivi, ujue bati limeoza kwa ndani. Hata wa vyuma chakavu watakusumbua. Lakini mimi nina moyo wa huruma. Chukua pikipiki yangu, niachie mzigo huu."

Anitha akaitazama pikipiki, akalitazama gari, akajifuta jicho kwa ncha ya kanga. "Si utakuwa unapata hasara, kaka?"

"Utu kwanza, dada."

Wakabadilishana kadi na funguo. Mama yule aliyekuwa akiulizia bei ya uwele akakunja kanga, akapiga kiki mara moja, akapenya katikati ya bajaji mbili kama dereva wa miaka kumi.

Ludovick hakujali. Hakuwasha gari, wala boneti hakuigusa ila kwa kitambaa. Maisha yake yote alikuwa ameshughulika na ngozi ya magari, na aliamini kwa dhati kwamba hapo ndipo gari lilipo. Alipaka, akasugua, akamaliza chupa zote. Gari likawaka. Watu wawili walisimama kulitazama, naye akawafukuza wasimwachie alama za vidole.

Alasiri ikapita. Upepo ukaja, na vumbi jekundu lote la Majengo likapata pa kukaa. Gari likaota manyoya. Khalidi hakutokea. Ludovick akaingia ndani kwa hasira, akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena. Hata kukohoa halikukohoa.

Akamwendea Mama Joha, muuza chai wa jirani. "Shikamoo mama. Yule mzee wa kanzu hajapita hapa kuniulizia?"

"Marahaba. Yule mwenye gari? Si amepita muda, amepakiwa na mkewe kwenye pikipiki, wanacheka. Mimi nikasema afadhali, maana asubuhi walikuja wanalisukuma, jasho linawatoka."

Ludovick alifungua boneti. Palipopaswa kuwa na injini palikuwa na mawe, yamepangwa vizuri ili gari lisiinue pua.

Alikaa chini. Mwisho akamwita Marko, mnunuzi wa vyuma chakavu, aliyekuja na mizani yake, akapitisha kidole mlangoni, akakinusa.

"Alizeti?"

"Dawa ya rangi," Ludovick alinong'ona.

"Mimi napima chuma, kaka. Futa hayo mafuta, na mawe toa. Mawe sinunui."

Basi akayatoa, moja moja, shati lake la kuvutia wateja likigeuka la kubebea zege, wauza nafaka wameacha biashara wanamtazama. Mama Joha akasogea, akainama, akachagua matatu yanayolingana.

"Haya mazuri," alisema, akiyapeleka jikoni. "Yatanifaa kwa mafiga."