Ukosi wa Mama Mkwe

Jumatatu, Mei 4
Inzi wangu amezama tena! Nimemtengeneza kwa mkono wangu, ndoano nikaivisha uzi na manyoya ya sungura mpaka ikafanana na mdudu kabisa, nikamweka kwenye beseni aelee. Chubwi! Wa shemeji, kaka yake mke wangu, fundi cherehani, anaelea tangu asubuhi. Anaringa. Na Jumapili ni mashindano ya kuvua samaki mtoni. Mke wangu amesema wazi: nikishindwa safari hii, meza yangu ya kazi inarudi kuwa meza ya chakula. Eti watoto wamechoka kupakata sahani, na jana mdogo kakuta manyoya kwenye supu. Meza yangu!

Jumanne, Mei 5
Utafiti. Vikombe vyote vya nyumbani vimejaa maji, kila kimoja na manyoya yake. Paka: yanaelea kidogo, kisha yanakata tamaa. Mbuzi: magumu, hayashiki uzi hata ukiupaka nta. Nywele za kifua changu: sitaki kulizungumzia. Ajabu ni kwamba paka ana manyoya ya aina mbili, marefu ya juu na mengine laini ya chini kama pamba. Hayo ya chini ndiyo yanayojisokota vizuri kwenye uzi. Nimeishi na paka miaka yote hii bila kujua! Nikamdodosa shemeji, nikijifanya nimekuja kuulizia suruali. Akacheka. Akasema mnyama anayeshinda majini manyoya yake hayakubali kulowa, hata mtoto anajua.

Alhamisi, Mei 7
Mama mkwe amekuja kutazama mashindano. Koti lake lina ukosi wa shingoni wa manyoya ya fisi-maji, aliachiwa na marehemu shangazi yake. Fisi-maji, anayeshinda majini! Nimempokea koti kwa heshima mpaka akamwambia binti yake kwamba hatimaye nimepata adabu. Nikakata kidogo tu, upande mmoja. Nikakata na wa pili, zilingane. Halafu ule wa kwanza ukaonekana mrefu.
Inzi anaelea! Nimempiga na kijiko, anaelea!

Jumapili, Mei 10
Inzi wangu alipita juu ya maji kama bwana harusi. Samaki wakaja, wakamkaribia, wakageuza. Tena na tena. Shemeji akamnusa, akauliza kwa nini ananuka vidonge vya kufukuza wadudu nguoni. Kumbe koti limelala na vidonge sandukuni miaka nenda rudi! Nikaanza kujieleza. Upepo ukavuma, mama mkwe akainua ukosi ajikinge, kila mtu akaviona vipara. Hakupiga kelele. Aliupapasa tu, akasema shangazi ndiye aliyemlea. Niliona aibu ya kweli, nikatamani ardhi inimeze.
Shemeji ameshinda. Kwa inzi wa manyoya ya sungura kama wangu wa kwanza, tena aliyezama! Eti leo samaki walikuwa wanakula chini.

Jumatatu, Mei 11
Meza imesuguliwa, imetandikwa kitambaa. Nimepiga magoti, mama mkwe kanisamehe mbele ya watoto. Nimeapa kwamba sitagusa tena ukosi wa mtu. Shemeji amemletea mama yake viatu vya manyoya vya kuvaa ndani, vya kumpoza moyo. Tumekula wote mezani, kama watu. Maongezi matamu. Viatu amevivaa papo hapo: vya kijivu, manyoya mazito, yamefunika mpaka visigino. Ni ya mnyama gani? Shemeji hajui, hakumuuliza muuzaji. Mtu ananunuaje bila kuuliza? Na je, yanaelea? Kiapo kilihusu ukosi tu.
Mkasi ninao kwenye soksi. Naandika haya nikiwa chini ya meza. Wanadhani natafuta kijiko.