Ombi la Kuhesabiwa Miongoni mwa Mashine

Kwako Mheshimiwa Mwenye Yadi,

Pole kwa shughuli. Mimi ni mkata magogo wako wa banda la nyuma, yule ambaye Msimamizi humwita Profesa kwa sababu ya kuweka shajara. Nakuandikia nikiwa na akili timamu na mgongo usio timamu.

YAH: UPENDELEO UNAOPEWA MSUMENO WA BETRI, NA OMBI LANGU LA KUWA MASHINE

Mheshimiwa, tarehe 3 mwezi huu ulituletea msumeno wa mnyororo wa rangi ya chungwa, unaotumia betri, utusaidie na yale magogo ya mti mgumu yaliyolala uani. Siku hiyohiyo binti yangu alijifungua mtoto wake wa kwanza, nami nikaomba ruhusa ya siku mbili nikamwone mjukuu. Msimamizi alijibu kuwa magogo hayana likizo. Nikanyamaza, nikashika msumeno. Lakini niliyoyaona tangu hapo hayanyamaziki:

1. Gogo la kwanza tu, msumeno ulifika katikati ukazimika. Nilidhani Msimamizi ataufokea kama anavyonifokea mimi. Badala yake aliuinamia, akaweka kiganja juu ya betri, akasema kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kinywani mwake kwamba maskini, umepata joto, uwekeni kivulini upumzike. Mimi niliyekuwa nimeushika, mwenye joto lilelile, niliposogelea kivuli hicho niliambiwa nisitegee.

2. Ulipoamka ukawa unakata kwa kusuasua na kutoa unga badala ya vipande. Fundi akaitwa. Alisema meno ya mnyororo yamekuwa butu, yanolewe kila mara, na kwamba mti mgumu haukatwi kwa kukandamiza. Msumeno uachwe uende kwa kasi yake. Kwa kasi yake, Mheshimiwa! Miaka yote niliyokaa hapa, kasi yangu mwenyewe sijawahi kukutana nayo. Na kuhusu meno, gego langu la kushoto linaniuma tangu mvua zilizopita, na ushauri niliopewa na yadi ni kutafunia upande wa pili.

3. Mnyororo ukikazwa mno unagoma, ukilegea mno unachomoka. Kwa hiyo kila asubuhi huvutwa kidogo kwa kidole ili ijulikane umeamkaje. Mimi hukazwa tu.

4. Msumeno hauguswi mpaka tanki lake la oili likaguliwe. Tarehe 9 ililetwa oili bora zaidi, na siku hiyohiyo chai ya saa nne ikafutwa. Sisemi mambo haya mawili yana uhusiano. Nasema tu kwamba tumbo langu limeyaona yakipishana getini.

5. Tarehe 12 gogo lilijifunga na kuubana msumeno katikati ya mkato. Yadi nzima ilikimbia. Mpakiaji alikuja na kabari, mama wa ofisini alitoka na kalamu sikioni, na Msimamizi akawa anapiga kelele kwamba polepole jamani, msije mkauumiza. Ulipochomolewa ukapelekwa kwa fundi kuchunguzwa, ukakaa huko siku nne bila kuandika barua wala kuulizwa unakwenda kumwona nani. Mwaka jana gogo lilinibana mguu mimi. Swali la kwanza lilikuwa kama gogo limepasuka.

6. Betri ikibakiwa na nguvu kidogo, taa nyekundu huwaka na kazi husimama. Nami nilimweleza Msimamizi kuwa taa yangu inawaka. Akanitazama, akasema hayo ni macho tu, nikalale mapema.

Kwa hayo yote, naomba kwa heshima nisajiliwe upya kama mashine kuanzia Jumatatu. Nikipata joto niwekwe kivulini, nikizimika nisilaumiwe, nikaguliwe tanki kabla ya kazi, usiku nihifadhiwe pakavu, na nikibanwa nipelekwe kuchunguzwa siku nne, ambazo nitajua pa kuzipeleka. Kama Msimamizi atapata shida kunitambua, niko tayari kupakwa rangi ya chungwa.

Nisalimie mama nyumbani na watoto wote. Msalimie fundi, umwambie somo lake limenikaa. Hata msumeno wenyewe nausalimu, maana binafsi sina kinyongo nao.

Ni mimi mtumishi wako mtiifu, ninayetumaini kuwa kifaa chako,

Mkata Magogo, Banda la Nyuma

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha nilipomwona dereva anaondoka na msumeno. Umegoma tena, na kwa kuwa muda wa dhamana haujaisha, dukani wametubadilishia. Mwingine umefika sasa hivi, rangi ileile, sauti ileile. Msimamizi ameupigapiga mgongoni akasema huyu ndiye. Ule wa kwanza hakuna aliyeuliza umekwenda wapi, hata mpakiaji aliyeuletea kabari. Tafadhali, Mheshimiwa, yote niliyoandika hapo juu uyahesabu hayakuandikwa, uniache nibaki mtu. Ila zile siku mbili bado naziomba, kwa sababu mjukuu wangu hana duka la kubadilishiwa babu.