Mlio wa Pikipiki ya Hamimu

Jumatatu, 9 Juni 2025
Kosa la wengi wanaofufua pikipiki za zamani ni kuacha matundu wazi. Wanafungua injini, wanakwenda kula, vumbi linaingia. Na kiangazi hiki mtaa wetu wa Mutanga Nord ni vumbi tupu! Mimi nilifundisha fizikia, siachi tundu. Leo nimeziba bomba la moshi kwa kitambaa laini cha buluu nilichokikuta kabatini. Nimekishindilia vizuri, ncha tu imebaki. Safi.

Pikipiki yenyewe ni ya motokrosi, ya marehemu Hamimu, kaka yake mke wangu Waridi. Alikuwa akiirusha juu ya matuta mpaka watu wanafumba macho. Binti yake Soumaya, tuliyemlea sisi, anaolewa Jumapili. Hana baba wa kumsindikiza. Basi angalau atoke hapa akisikia mlio wa baba yake. Nimemwahidi.

Jumatano, 11 Juni
Injini imefungwa. Nimepiga kiki. Ikakohoa, ikanyamaza. Kabureta, bila shaka.

Waridi anatafuta mtandio wake mpya wa harusi. Amepindua nyumba nzima. Nikamweleza, kwa upole, tabia za mbuzi: yule wa jirani yetu Byamungu hula chochote. Akaniuliza kama mbuzi huyo anajua pia kufungua kabati. Swali zuri. Nikarudi kwenye pikipiki.

Alhamisi, 12 Juni
Nimefungua kabureta, nimeisafisha, nimeirudisha. Kimya!

Byamungu akachungulia juu ya ukuta. Naye anafufua ya kwake, aliyoitoa matopeni Gatumba, na huingurumisha kila asubuhi, makusudi. Akasema, “Mwalimu, iyo pikipiki yako ni kama mutu mwenye kukabwa koo.” Nikamweleza jinsi mafuta yanavyoungua ndani ya silinda. Nilieleza mpaka akateremka.

Jumamosi, 14 Juni
Kimya bado. Kesho harusi. Mpango! Byamungu akae nyuma ya ukuta, anigurumishie ya kwake, mimi nijifanye napiga kiki.

Kwenda kumwomba hakukuwa rahisi. Akanikalisha, akanilisha sombe ya majani ya muhogo, kisha akataka nikiri mbele ya mke wake kwamba pikipiki yake ni bora. Nilikiri. Sombe ilikuwa tamu, hilo pia nikakiri.

Jumapili, 15 Juni
Watu wa bwana harusi wanapiga honi nje. Soumaya amesimama mlangoni, nguo nyeupe pe. Nikaanza kukunja suruali. Ngurumo nyuma ya ukuta! Mguu wangu haujagusa hata kiki! Nikaparamia, nikarukaruka, nimeshachelewa.

Soumaya akatikisa kichwa taratibu. “Tonton,” akaniita kama anavyoniita tangu utotoni, “iyo si ya papa.” Kumbe anakumbuka. Alikuwa akipakiwa juu ya tangi, mdogo hivi. Aibu! Lakini hakukasirika. Alinishika mkono, na grisi yake yote.

Waridi ndiye aliyeinama. Akaona ncha ya buluu kwenye bomba la moshi. Akavuta. Ikaja, ikaja, ikazidi kuja. Hata Byamungu akazima yake.

Nikapiga kiki. Ikawaka! Mlio mkali, wa kukwaruza, wa Hamimu mwenyewe. Soumaya akalia. Waridi akamfuta machozi kwa alichokuwa nacho mkononi, mtandio uleule, na alama nyeusi ikabaki shavuni pa bibi harusi. Mashoga zake wakakimbilia maji. “Apana,” akasema, “muiache.” Akaingia garini nayo.

Jumanne, 17 Juni
Nyumba imekuwa kubwa. Waridi ameniambia amenisamehe. Ameniambia mara kadhaa, kila mara kwa sauti ya juu zaidi. Kwa kila aliyepita nimeeleza kwamba siri ilikuwa kabureta.

Byamungu ameniletea injini nyingine kutoka Gatumba, imejaa tope. Atakuwa amenionea huruma. Nimeiosha. Lakini vumbi ni lilelile, kwa hiyo nimeziba matundu yake yote kwa vitambaa vyeupe vilivyokuwa juu ya kamba. Vinashika vizuri ajabu.

Sasa Waridi anauliza ziko wapi foronya za wageni.

La kufanya leo: Byamungu aambiwe afunge mbuzi wake.