Mizani Mbovu ya Bourdelot

Jumatatu, 8 Machi 1773

Akademia, chama cha wasomi wa mji wetu wa Troyes, imetoa swali la mwaka: metali ikichomwa moto hupatwa na nini? Jibu liwe na vipimo. Mshindi anapewa kiti Akademia. Kiti! Miaka kumi na tisa mimi, Anselme Bourdelot, mtengeneza wigi, nasimama nyuma ya viti vyao nikiwapaka poda. Nimechoka kutazama visogo. Jibu ninalo, nimelisikia kwenye vichwa hivyohivyo. Kitu kikiungua, flojisto, ile asili ya moto iliyomo ndani, hutoka. Kikitoka kitu, uzito hupungua. Kazi ya siku moja!

Jumanne, 9 Machi

Nimechoma madini ya risasi, mabaki ya paa la kanisa, kwenye jiko la vyuma vya kusokotea nywele. Imegeuka unga wa manjano. Kabla, aunsi kumi. Baada, kumi na robo tatu. Haiwezekani! Nimepima tena nimesimama. Nimepima nimechuchumaa. Kumi na robo tatu. Kichwa kinaniuma.

Jumatano, 10 Machi

Nimechoma nyingine. Imezidi vilevile. Mke wangu Perrette, akiosha samaki wa chumvi wa Kwaresima, kauliza kama labda kuna kitu kinaingia badala ya kutoka. Nimecheka mpaka nikakohoa. Kiingie kutoka wapi? Jikoni hamna kitu ila hewa! Nimemwambia ashughulike na samaki wake.

Alhamisi, 11 Machi

Nimeelewa. Mizani imeharibiwa! Cornuel, muuza dawa, naye anakitaka kiti, na Jumamosi iliyopita alikuja kunyolewa akakaa karibu nayo. Aliigusa? Aliipumulia? Sijui. Ila alikohoa kama mtu mwenye hatia.

Ijumaa, 12 Machi

Mpango! Dohani ya Cornuel imeanguka, hawezi kuchoma chochote. Nimempelekea vipimo vyangu vibovu, zawadi ya jirani. Avitumie, achekwe! Akanishika mikono, akasema, "Bwana Bourdelot, kumbe una roho nzuri hivi, na mimi nilikuwa nakusema vibaya." Nimeona haya. Kidogo tu. Kwenye andiko langu nimesahihisha: aunsi tisa na robo. Inapendeza zaidi.

Jumamosi, 20 Machi

Nimewasilisha. Andiko halibebi jina, ndiyo desturi. Lina kaulimbiu juu. Yangu ni "Ukweli Haupakwi Poda". Jina limo ndani ya bahasha yenye lakiri. Hufunguliwa ya mshindi peke yake, nyingine huchomwa hivyohivyo. Perrette kauliza koti jipya nililonunua ni la nini. Nimemwambia ni la kukalia kitini.

Jumamosi, 27 Machi

Katibu wa Akademia kasema mshindi ni yule aliyeandika kipimo alichokiona, si alichokitaka. Nikasogea mbele. Lakiri ikavunjwa. Cornuel!

Mbaya zaidi, Cornuel kasimama mbele ya watu wote, kasema vipimo ni vyangu. Wakanipigia makofi. Katibu kaniambia nikithibitisha kwa kiapo, viti vitakuwa viwili, changu na cha Cornuel. Viwili! Lakini nikaona mtego. Niapie mizani mbovu, nije kuchekwa na Ulaya nzima? Nikapaza sauti kwamba vipimo vile ni uongo, nilimpa ili aaibike, na cha kweli ni tisa na robo, kimo katika andiko langu, wafungue bahasha yangu waone jina! Cornuel akaniangalia kwa huruma, jambo lililoniudhi sana. Katibu mwenyewe akaiweka bahasha yangu motoni.

Jumapili, 28 Machi

Perrette haongei nami. Kaazima mizani ya mwokaji mikate, kachoma risasi mwenyewe, kaiweka mbele yangu. Kumi na robo tatu.

Kwa hiyo Cornuel kafika mpaka kwa mwokaji! Nimemwandikia fundi mmoja wa Paris anitengenezee mizani mpya. Nimemweleza wazi mapema ninavyotaka isome.