Nabii wa Mbio za Waingereza Amenyolewa

Jamani, leo nimepatikana. Nimepatikana mbele ya watu na mbele ya mkwe, na hivi ninavyowaandikia nimevaa kofia humu kwenye chumba cha intaneti. Dada wa hapa ameniuliza mara mbili kama ninaumwa kichwa. Nimemwambia ni baridi ya Songea. Someni mpaka mwisho mtaielewa hii kofia.

Ninyi wenzangu wa chuo mliopangiwa shule za mbali hamjui kwamba hapa Bombambili mimi ni nabii. (Nilikuwa.) Kila Jumamosi jioni tunakusanyika kwa kinyozi Chale, Mhehe wa Iringa, mtani wangu asiye na huruma, kusikiliza habari za michezo kwa Kiswahili kutoka London. Wengine wana mpira. Sisi tuna riadha ya Waingereza. Wakimbiaji wetu waliotikisa dunia walistaafu, tukabaki kuwafuatilia wapinzani wao, na mazoea yana taabu. Majina yao yanatushinda, kwa hiyo tumewapa ya kwetu. Yuko Bibi Harusi wa mita mia nane, hana haraka mpaka mzunguko wa mwisho. Wako wale wanne wa kupokezana kijiti, tunawaita Ndoo Inavuja. Na yuko Mpiga Pasi wa mita elfu moja na mia tano. Tuliwahi kuona picha yake kwenye gazeti la zamani, amenyooka utafikiri anapiga pasi shati la padri.

Sasa unabii. Mashindano mengi hufanyika Ijumaa jioni huko kwao. Matokeo yanasomwa kwa Kiingereza alfajiri ya Jumamosi, wakati Bombambili nzima imelala. Kwa Kiswahili yanakuja jioni. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Naamka, nasikiliza, nanyamaza kutwa nzima. Jioni, dakika kumi kabla ya matangazo, nafumba macho na kusema, "Naona... naona Bibi Harusi, wa pili." Redio inathibitisha. Watu wanashika vichwa.

Miaka miwili sijakosea. (Ningekoseaje?) Rashidi, mfanyabiashara wa korosho kutoka Tunduru, aliwahi kuniomba nimtabirie bei ya msimu. Nikamjibu kwa upole kwamba karama yangu ni ya mbio tu.

Mnaniuliza kwa nini nilijitia kwenye uongo huu. Kwa sababu ya Mzee Nombo. Ni dresa mstaafu wa hospitali ya misheni, anapenda mbio kuliko chakula, na ni baba yake Hyasinta wangu. Kila Jumamosi anakaa kwenye benchi karibu na mlango na daftari lake jeusi, anaandika, anasema kidogo. Barua yangu ya posa iko kwake tangu mahindi yakiwa magotini. Sasa mahindi yako ghalani. Kila mshenga wangu akienda anaambiwa, "Bado naisoma." Barua ina mistari sita! Nikajiambia, utabiri mmoja mkubwa, mzee atalainika.

Leo alfajiri nilichelewa kuamka. Betri zilikuwa zimechoka, jana nilizianika juu ya bati kutwa nzima. Nafungua redio, nakuta makelele. Uwanja unanguruma, mtangazaji anaita kwa ukelele jina la Mpiga Pasi. Yuko wa nne! Anatokea nje! Wa tatu! Wanabanana mstarini, ameshinda kwa kifua! Niliruka kitandani na shuka langu. Mtangazaji akavuta pumzi, akaanza kusema kitu kingine kwa sauti ya utulivu, na hapo hapo betri zikakata roho.

Nilipaswa kushtuka. Taarifa ya alfajiri husoma matokeo tu, haina makelele ya uwanja. Lakini mtu anayetaka mke haulizi maswali.

Jioni saluni imejaa. Namwamkia mzee shikamoo, anaitikia marahaba bila kuinua macho. Mjadala ulikuwa umeshapamba moto.

"Mwalimu, wallahi mimi nina wasiwasi," alisema Rashidi. "Mpiga Pasi kazeeka. Tangu mwaka jana anamaliza mbio kama mtu aliyesahau kitu nyumbani."

"Waingereza wamekwisha," alidakia Chale. "Mbio hizo siku hizi zina wenyewe. Wao wabaki na hao vijana wanaochipukia, labda baada ya miaka minne."

Nikanyanyuka. Nikatoa chaki mfukoni (mwalimu hakosi chaki) nikaandika kwenye mlango wa Chale: MPIGA PASI, WA KWANZA. Halafu, kwa kuwa shetani hana likizo, nikaongeza maelezo. Atakuwa wa nne kengele ikilia. Atatokea nje. Atashinda kwa kifua.

"Na usipopatia, mtani?" aliuliza Chale.

"Ninyoe upara."

Alianza kunoa wembe.

Mzee Nombo akainua kichwa. "Mwalimu, una hakika?"

"Hakika, Baba."

"Ungeweza kusema unadhani."

"Sidhani, Baba. Naona."

Akaandika kitu kwenye daftari. Nikafurahi! Nilijua ananiandika mkwe.

Redio ya Chale ikaanza. Bibi Harusi, wa tatu. Ndoo Inavuja, wamefika salama na kijiti chao, watu wakapiga makofi. Halafu mita elfu moja na mia tano: ameshinda Mkenya. Na Mpiga Pasi? Hakukimbia. Ana maumivu ya msuli. Alionekana jukwaani, ameketi, akiwatazama wenzake.

Kikohozi kimoja.

"Labda," alisema Rashidi taratibu, "ameshinda kwa kukaa."

Walicheka mpaka kioo cha Chale kikatetemeka. Mimi nikajikuta nimeshakalishwa kwenye kiti, nimefungwa kitambaa shingoni, na wembe umeshaanza kazi upande wa kushoto. Nilikuwa na uongo tayari mdomoni: redio imekosea, kuna rufaa, subirini kesho. Ulikuwa uongo mzuri tu. Lakini kwenye kioo nikauona uso wa Mzee Nombo. Hacheki. Ananitazama kama anayesubiri basi lililochelewa. Nikachoka ghafla, jamani. Nilichoka na alfajiri zote zile.

"Mimi si nabii," nikasema. "Huwa nasikiliza matokeo alfajiri kwa Kiingereza. Miaka miwili nawadanganya. Nisameheni."

Wembe ukasimama katikati ya kichwa.

"Kumbe!" alisema Chale. "Na mimi nilikunyoa bure mara tatu ili uniombee!"

Mzee Nombo akasimama, akaja na daftari mpaka kwenye kiti. Akalifungua mbele ya macho yangu. Matokeo ya leo yote yalikuwa pale, yamepangwa safi kwa mwandiko wa dresa. Chini yake: *Mpiga Pasi hakukimbia, msuli. Saa kumi na moja na nusu alfajiri.* Na chini zaidi: *Baada ya habari, kipindi cha kumbukumbu. Wamerudia ushindi wake wa zamani, wa kifua.*

Nikasoma mara mbili. "Baba... ulijua tangu asubuhi?"

"Mimi nimefanya kazi na madaktari wa kigeni miaka ishirini na sita. Redio ya alfajiri nasikiliza kila siku kabla ya misa."

"Kwa hiyo miaka yote miwili..."

"Yote."

"Mbona hukuniambia, Baba?"

"Nabii naye huambiwa?"

Saluni ikalipuka upya. Mzee akasubiri watulie. Halafu akatoa bahasha kutoka nyuma ya daftari. Naijua ile bahasha! Niliibandika mwenyewe kwa uji wa muhogo.

"Hii barua nilimaliza kuisoma siku ile ile," alisema. "Nilichokuwa nasubiri ni wewe. Mtu anayedanganya kwenye mbio, jambo dogo namna hii, atanidanganya nini kuhusu mwanangu? Leo umesema kweli na wembe uko kichwani. Mlete mshenga kesho baada ya misa."

Nilitaka kusimama nimshukuru kwa heshima. Chale akanikandamiza. "Tulia, mtani. Huwezi kuoa na nusu kichwa."

Basi, upara wote, kama mfiwa. Kutoka Bombambili mpaka Mfaranyaki nimepewa pole ya msiba na watu sita. Mama muuza ndizi alinishika mkono. "Pole, Mwalimu. Ni nani?" Namwambia hakuna aliyefariki. "Jikaze, baba, ndiyo dunia." Kwa wa tatu nilikata tamaa, nikawa naitikia tu, "Nimeshapoa." Lakini moyoni, jamani, nilikuwa mwepesi! Jumamosi ijayo nitalala mpaka jua litoke.

Hyasinta nilimkuta kwao, amesimama kwenye ua. Habari ilikuwa imefika kabla yangu. Akanizunguka, akakagua kichwa mbele na nyuma.

"Ulijua na wewe?" nikamuuliza.

"Betri za Baba ananunua nani?" Akacheka mpaka akakaa chini. Ndipo akanitolea hii kofia. Ni ya mzee.

Kesho nakaa misa ya kwanza, benchi moja na wakwe. Mtakaokuja harusini, chekeni nikishapita. Na pole zenu kaeni nazo: hakuna aliyekufa ila nabii.