Madumu Kumi ya Maji ya Chumvi

Asubuhi ile dada yake hakumwambia mengi: "Leo usiporudi na kitu cha maana, godoro lako utalikuta nje." Ndiyo maana Injinia, jina alilojipa mwenyewe bila kusumbua chuo chochote, alikuwa amesimama kwenye duka la samaki wa mapambo, masikio wazi, pale mwalimu mmoja mstaafu alipouliza kwa sauti ya kufika barabarani:

"Hivi maji ya chumvi ya tangi yakichakaa, naweza kuyamwaga kwenye sinki?"

Muuza samaki alifungua mdomo. Injinia akamuwahi.

"Mama yangu, usithubutu. Chumvi ile itatafuna mabomba ya jengo zima. Wiki mbili tu, choo chako kinahamia sebuleni kwa jirani wa chini."

Mwalimu akashika kifua. "Sasa nifanyeje, mwanangu?"

"Bahati yako, hiyo ndiyo kazi yangu. Nitakuja kuyaondoa kitaalamu, na hela sitaki. Nitachukua pampu tu, maana imeshakunywa chumvi, hiyo sasa ni sumu."

Pampu ya tangi la maji ya chumvi, msomaji, ingemnyamazisha dada mwezi mzima. Muuza samaki aligeuka, akaanza kufuta kioo kilichokuwa safi.

Mwalimu alikaa ghorofa ya tatu. Injinia aliikuta pampu ndani ya tangi, inang'aa, inanguruma taratibu, na roho ikamtulia. Mwalimu aliwahamishia samaki wake wawili kwenye beseni, akaichomoa pampu, akaingia nayo jikoni "kuifunga vizuri isije ikakudhuru." Alirudi na boksi lililozungushiwa selotepu ya bluu, akaliweka juu ya friji.

"Utalichukua kazi ikiisha."

Maji ya tangi yalijaza madumu kumi, ya lita ishirini. Injinia aliyateremsha moja moja na kuyamwaga kwenye choo cha uani, ambacho bomba lake ndilo lile lile linaloshuka kutoka jikoni kwa mwalimu. Dumu la kwanza alicheka peke yake. La nne hakucheka. La saba alikaa kwenye ngazi, akamkumbuka dada yake, akainuka.

"Nimemaliza, mama."

"Umemaliza vipi, na samaki bado wamo kwenye beseni? Maji ya bomba hayafiki huku juu. Mtaalamu hawezi kuacha kazi nusu, au vipi?"

Injinia alitazama boksi. Akapandisha madumu kumi ya maji safi, akakoroga chumvi kwa mwiko, akasugua kioo. Alasiri alitoka na boksi kwapani, akaenda moja kwa moja dukani kuuza.

Muuza samaki hakulifungua. "Selotepu ya bluu," alisema. "Iliyomo ndani ni pampu yake ya zamani, iliungua mwaka juzi, niliitoa mimi mwenyewe. Lete nimrudishie."

"Umrudishie?"

"Ataihitaji. Wewe ni mtaalamu wa nne."

Injinia akamkabidhi boksi. "Na yale mabomba?"

"Mabomba hayana neno. Maji yale yanamwagwa kwenye sinki, unayasindikiza na maji safi kidogo, basi. Shida yake ni maji ya kupanda, mgongo wake haumruhusu kuyabeba. Ya kushuka ulijitakia mwenyewe."

Kisha, kwa upole wa kweli, akaongeza: "Ila amekusifia. Kapiga simu, anasema hukumwaga hata tone kwenye ngazi. Anauliza kama utarudi mwezi ujao."

Injinia alipofika nyumbani, godoro lilikuwa mlangoni. Dada yake alisimama kando, mikono kiunoni, maneno ameyapanga tangu asubuhi. Hakuyatumia. Mdogo wake alijilaza palepale nje, jua likiwaka bado, akamwomba tu amsogezee mto.